Fundi aende na mashine yake kwa mteja, au atumie ya mwenye kazi?

"Mimi ni fundi wa kuchomelea, nipo Moshi, najitegemea. Nina inverta, yaani mashine ya kuchomelea, ya ampea 200, grinda mbili, drili na ekstensheni ya mita 30. Nimepata kazi mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni ya loji njia ya Marangu: mageti, reli za ngazi na fremu za madirisha, kama wiki tatu, na mwenyewe anataka nije na kila kitu changu. Ya pili ni karakana ya Arusha. Huko wanasema nitumie mashine zao, niingie saa mbili asubuhi nitoke saa kumi na moja jioni, kwa miezi minne. Hofu yangu ni kwamba mwaka jana inverta yangu ya kwanza iliungulia kwa mteja, akakataa kunilipa hata senti. Alisema mashine ni yako, hasara ni yako. Mafundi wenzangu wananiambia ukienda na vifaa vyako huna cha kudai, na ukitumia vya mteja umeshakuwa mwajiriwa wake. Nishike lipi?"

Ndugu fundi, pole kwa mashine iliyoungua. Swali lako lina mambo matatu ndani yake: nani anabeba hasara kifaa kikiharibika, kifaa chako kinaingiaje kwenye bei, na sheria inakuhesabu nani ukiwa kazini. Mafundi wengi huyajibu yote kwa neno moja, "vifaa ni vya nani?", na hapo ndipo wanapoumia.

Ushauri wangu ni huu. Marangu nenda na vifaa vyako vya mkono pamoja na inverta, lakini jenereta na majukwaa ya kupandia yawe juu ya mwenye loji. Vifaa vyako viwe na bei yake kwenye hesabu, na umeme wa pale uupime mwenyewe kabla hujachomeka plagi. Arusha tumia mashine zao baada ya kuzikagua, nenda na vifaa vyako vya kujikinga, na ujue mapema kwamba kwa mpangilio huo sheria ina kila sababu ya kukuona mwajiriwa.

Nianze na hayo ya wenzako. Kwamba ukitumia vifaa vya mteja unakuwa mwajiriwa, msingi wake ni kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Kifungu hicho kinataja mambo saba, na likiwepo hata moja, mtu anayefanya kazi anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, bila kujali mkataba wenu umeandikwaje. Kupewa vifaa vya kazi ni moja kati ya hayo. Mengine ni kwamba namna unavyofanya kazi inaongozwa na mwenye kazi, saa zako anazipanga yeye, wewe ni sehemu ya taasisi yake, umemfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kipato chako kinamtegemea yeye, au humfanyii kazi mtu mwingine.

Sasa zipime kazi zako mbili kwa kipimo hicho. Arusha mashine ni zao, saa ni zao, saa 45 za mwezi utazimaliza ndani ya wiki moja, na kwa miezi minne hutakuwa na nafasi ya mteja mwingine. Marangu mashine ni zako, lakini hilo peke yake halikutoi: angekupangia saa na kukusimamia kila siku, dhana hiyohiyo ingekugusa. Kwa hiyo inverta yako haiwezi kukufanya mkandarasi, na inverta yao haikufungi moja kwa moja kuwa mwajiriwa. Inayotazamwa ni picha nzima ya kazi.

Wala usiione ajira kama mtego. Mwajiriwa ana likizo, ana notisi, ana michango ya NSSF, na akiumia kazini kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Fundi anayejitegemea akikatwa na diski anajitibu kwa mfuko wake. Anayepaswa kufikiri zaidi hapa ni mwenye karakana, kwa sababu majukumu hayo yanamwangukia yeye. Zungumza naye waziwazi. Akitaka uingie na kutoka kwa saa zake, basi akupe mkataba wa ajira kwa ajili ya kazi hiyo maalumu. Akitaka ubaki mkandarasi, akulipe kwa kipande, yaani geti moja bei fulani, na saa za kuingia na kutoka uzipange wewe.

Hilo la pili, kwamba ukienda na vifaa vyako huna cha kudai, si kweli. Mtu aliyesababisha hasara kwa uzembe anaweza kudaiwa, hata kama kifaa si chake. Kinachowaangusha mafundi ni ushahidi. Mashine imezimika saa nane mchana, hakuna aliyepima umeme asubuhi, hakuna maandishi, kila mtu anasema lake. Ili upate ushahidi ni lazima kwanza uelewe mashine huungua kwa sababu gani, na hapa nitakaa kidogo.

Inverta iliyoandikwa ampea 200 inatoa ampea hizo kwenye rodi, yaani ile fimbo ya kuchomelea. Kinachoingia kutoka ukutani ni hesabu nyingine. Ukichomea rodi ya milimita 3.2 kwa ampea 120, volti kwenye moto wa rodi ni kama 25, kwa hiyo unatumia karibu kilowati 3. Mashine yenyewe inapoteza sehemu kwa joto, na inverta nyingi za bei nafuu huvuta umeme kwa namna isiyo laini, hivyo mwishowe soketi inatoa kama ampea 22 kwa volti 230. Kwa rodi ya 2.5 kwenye ampea 80 unavuta kama ampea 13 au 14. Ukiifungulia mashine yote mpaka 200, unakaribia ampea 40. Plagi ya kawaida ya pini tatu imetengenezwa kwa ampea 13. Ndiyo maana fyuzi yake hukatika, na ndiyo maana wapo wanaoiondoa na kuweka kipande cha waya wa shaba. Usifanye hivyo, wala usikubali kuchomeka mahali palipofanywa hivyo. Fyuzi ikishaondolewa, kinachoungua badala yake ni waya uliomo ndani ya ukuta wa mtu.

Halafu kuna ekstensheni yako ya mita 30. Ikiwa nyuzi zake ni za milimita za mraba 1.5, umeme ukienda na kurudi unapita mita 60 za shaba, na kwa ampea 22 unapoteza kama volti 15 njiani. Kwa waya wa 2.5 unapoteza kama volti 9, kwa waya wa 4 kama 6. Hapo ni kama waya ni shaba kweli. Nyingi zinazouzwa rahisi ni alumini iliyopakwa shaba, na upotevu wake unazidi kwa zaidi ya nusu. Kwangua ncha ya uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini. Na ukiuacha waya ukiwa umeviringwa kwenye ringi yake, zile wati zaidi ya 300 (volti 15 mara ampea 22) zinazogeuka joto hazina pa kutokea. Plastiki inalainika, nyuzi zinagusana. Ufungue wote, hata kama kazi iko mita tano tu kutoka kwenye soketi.

Kwa nini volti kushuka kuiunguze mashine, wakati mtu angedhani umeme mdogo unaipunguzia mzigo? Kwa sababu inverta hujitahidi kulinda moto wa rodi usibadilike. Volti zikishuka, inavuta ampea nyingi zaidi ili kufidia. Pale ilipovuta 22 kwa volti 230, kwa volti 190 inavuta karibu 27, na joto kwenye nyaya linaongezeka kwa zaidi ya asilimia 40. Swichi za ndani na daraja la kugeuzia umeme vinapokea joto hilo. Ongeza vumbi la chuma. Feni ya inverta hunyonya kila kilicho hewani, na fundi anayesagia mita moja kutoka kwenye mashine anailisha unga wa chuma unaopitisha umeme, ukalala juu ya bodi. Weka mashine angalau mita tatu kutoka unaposagia, upande upepo unakotoka, na kila wiki ipulize kwa hewa kavu ya kompresa ikiwa imechomolewa.

Kitu kingine ni muda wa kupumzika. Kibandiko cha nyuma ya mashine kinaonyesha asilimia: 200 kwa asilimia 60 maana yake ni dakika sita za kuchoma katika kila dakika kumi, kwa kipimo cha joto la nyuzi 40. Mashine nyingi ndogo ni asilimia 30 au 40 tu. Fremu za madirisha zina vipande vifupi vifupi, mashine inapumzika yenyewe wakati unapima na kukata. Mageti yana mishono mirefu, na jua la Moshi la saa nane linajua kuchoma. Iweke kivulini, na taa ya njano ikiwaka usiizime: iache feni iipoze kwanza.

Ukitaka kujua nini kiliiua ile ya mwaka jana, mpelekee fundi elektroniki aifungue na uangalie naye. Ukikuta kile kidude cha bluu au chekundu, cha duara, karibu na mahali umeme unapoingilia, kimepasuka na kuacha masizi, au kapasita kubwa zimevimba, dalili ni kwamba volti zilipanda ghafla. Ukikuta swichi zilizoungua huku bodi imefunikwa na unga wa chuma, dalili ni joto na vumbi. La kwanza mara nyingi linatoka kwenye umeme wa mwenye eneo au jenereta yake. La pili ni la fundi. Sikupi matumaini makubwa ya kulipwa baada ya mwaka mzima bila maandishi, lakini ujue ni lipi, kwa sababu linakuonyesha cha kubadili.

Marangu, siku ya kwanza, kabla hujashusha chuma chochote, fanya hivi. Beba multimita na kitu kinachovuta umeme mwingi. Birika la wati 2,000 linatosha. Kwenye soketi utakayotumia, pima volti bila mzigo: zikiwa kati ya 220 na 240, vizuri. Pima kati ya laini (waya unaoleta umeme) na ethi (waya wa kinga unaokwenda ardhini): namba iwe karibu ileile. Pima nutro (waya wa kurudishia umeme) na ethi: isizidi volti mbili tatu. Ikiwa laini na ethi hazionyeshi kitu, soketi haina ethi, na hapo hufanyi kazi mpaka irekebishwe. Kisha chomeka birika lenye maji, na wakati linachemka pima tena kwenye soketi ya pili ya hapohapo. Birika linavuta karibu ampea 9. Volti zikishuka kwa 10, fahamu kwamba mashine yako kwa ampea 22 itazishusha kwa 25 hivi, kabla hata ya ekstensheni. Piga picha ya multimita kila hatua, na namba ya chumba au nguzo ionekane. Rudia kipimo jioni, watu wanapowasha taa na majiko, maana umeme wa saa nne asubuhi si umeme wa saa moja usiku.

Kipimo kikiwa kibaya, dawa yake ni waya maalumu kutoka kwenye bodi kuu: milimita za mraba 6, breka ya ampea 32 ya aina ya C, soketi kubwa ya viwandani, na kinga ya kukata umeme unaovuja kwa miliampea 30. Kazi hiyo si yako hata kama unaiweza. Ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, kwa gharama ya mwenye loji, na itabaki kuwa mali ya loji.

Mwenye loji akisema umeme ukikatika kuna jenereta, iulize ukubwa. Kwa ampea 120 mashine yako inataka kama kVA 5 (yaani volti mara ampea, kwa maelfu), na jenereta inayoibeba bila kuyumba ni ya kVA 8 za kudumu, si zile namba za kilele zinazoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni. Tena mko mlimani. Injini ndogo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo kwenye mita 1,400 au 1,500 jenereta ya kVA 8 inabaki na kama 7. Iwashwe kwanza, itulie, ndipo uwashe inverta. Wakati wa kumaliza, inverta izimwe kwanza. Isiachwe ikakauka petroli ukiwa bado unachoma: injini ikianza kuyumba, volti zinapanda na kushuka, na hicho ni moja ya vitu vinavyoua inverta kwa dakika moja. Hii ndiyo sababu nasema jenereta iwe yake. Mafuta, mtikisiko na uchakavu wa injini ni mambo ya eneo lake, wewe huyamudu kwa ujira wa siku.

Kuna upande mwingine ambao mafundi huusahau: madhara ambayo wewe unaweza kumletea mteja. Kibano cha ethi kikae kwenye chuma kilekile unachokichoma, sentimita chache kutoka kwenye mshono, pamesuguliwa mpaka paking'ae. Ukikibana mbali, kwenye nguzo ya upande wa pili au kwenye bomba, ampea 120 zinatafuta njia yao ya kurudi. Zinaweza kupita kwenye waya wa ethi wa jengo na kuuchoma, au kupita kwenye mota ya geti la umeme na kuua bodi yake. Geti lenye mota lichomolewe kabla hujaligusa.

Na moto. Loji nyingine zina mapaa ya makuti au nyasi. Cheche ya grinda inaruka mita kumi bila shida, inajificha ndani ya nyasi, na moto unatokea wewe ukiwa umeshafika Himo. Kila kinachoweza kutolewa kitolewe na kutengenezewa mbali na paa. Kisichoweza, zungushia shuka la kuzuia moto, mwagia maji nyasi za chini, weka kizimamoto cha unga cha kilo 6 au 9 hatua mbili kutoka ulipo, na mtu abaki analinda kwa saa nzima baada ya cheche ya mwisho. Saa moja hiyo ni ya kulipwa, iandike. Kumbuka pia kwamba ukisababisha moto kwa uzembe, hakuna atakayeuliza grinda ilikuwa ya nani. Ukishakuwa unachukua kazi za loji kila mwezi, ulizia kwenye kampuni ya bima iliyosajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kuhusu bima ya dhima kwa watu wengine. Bima ya mashine yenyewe, kwa inverta moja ndogo, naona haina faida kubwa. Ni heri kutenga akiba.

Karakana ya Arusha nako kuna la kukagua. Mashine kuwa ya mwenye kazi hakuna maana kwamba ni salama, na mara nyingi ndiyo iliyopita mikono mingi. Pitisha mkono kwenye nyaya zote, mashine ikiwa imechomolewa: mahali palipofungwa kwa gundi ya karatasi au mpira wa tairi panahitaji kukatwa na kuungwa upya. Kishikio cha rodi kisiwe na mpasuko. Grinda iwe na kinga yake ya chuma, kishikio cha pembeni, na swichi inayozima. Kisha tazama diski. Diski ya milimita 230 imeandikwa mizunguko kama 6,600 kwa dakika, grinda ya milimita 115 inazunguka zaidi ya 10,000. Anayeng'oa kinga ya grinda ndogo ili aingize diski kubwa anaizungusha kupita uwezo wake, na ikipasuka vipande vinaingia usoni au shingoni kabla hajapepesa macho. Ukikuta karakana inafanya hivyo kama kawaida yake, sema siku hiyohiyo, na wakikataa kubadili, acha kazi hiyo. Tazama pia ukingo wa chuma katikati ya diski: kuna mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumika.

Maski, glovu, viatu na miwani viwe vyako kila mahali, Arusha na Marangu. Kioo cha maski kiwe namba 10 kwa rodi ndogo, 11 kwa hizo za 3.2. Hata hivyo, kuwa na vyako hakumwondolei mwenye karakana wajibu wake chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Eneo ni lake na watu walio ndani yake ni dhamana yake.

Sasa bei, maana hapa ndipo fundi anajinyonga mwenyewe. Ukipeleka vifaa bila kuviwekea bei, unampa mteja sehemu ya mtaji wako kila siku. Chukua kila kifaa, gawa bei uliyonunulia kwa siku za kazi unazotegemea kidumu. Kwa mfano, inverta ya shilingi 450,000 kwa siku 300 ni 1,500 kwa siku. Grinda ya 180,000 kwa siku 150 ni 1,200. Drili ya 150,000 kwa siku 250 ni 600. Nyaya, kishikio na kibano vya 90,000 kwa siku 150 ni 600. Jumla 3,900. Ongeza nusu yake kwa matengenezo na hatari ya kuibiwa, unapata karibu 6,000 kwa siku. Kazi ya siku 18 ni 108,000. Weka namba zako halisi, lakini uandike mstari huo peke yake: "matumizi ya vifaa". Rodi, diski na rangi viwe mstari mwingine, na usafiri wa kupandisha mzigo Marangu mstari wake.

Mstari huo unakusaidia na Arusha pia. Mwenye karakana atakuambia, "Mashine ni zangu, basi nipunguzie." Sawa, punguza 6,000 za vifaa. Mikono yako haijapungua. Wengi hukubali kukatwa theluthi nzima ya ujira kwa sababu hawajui kifaa kinakula kiasi gani. Kama mteja wako ni kampuni, jua pia kwamba atakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma. Si wizi, ni kodi yako inayolipwa mapema, lakini mdai cheti cha zuio kila anapokulipa. Bila hicho cheti, TRA haitaihesabu kwako.

Yaliyobaki ni karatasi. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, ila kuyathibitisha ni kazi. Ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono na kusainiwa na wote wawili unatosha, na hata ujumbe wa WhatsApp ambao mteja amejibu "sawa, nimekubali" unaweza kupokelewa kama ushahidi, kwa mujibu wa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Ukipenda, andika hivi:

"Fundi anakuja na vifaa vilivyoorodheshwa hapa chini kwa namba zake. Mwenye kazi anatoa umeme usiopungua volti 210 na usiozidi 240 kwenye soketi iliyopimwa na wote wawili. Kifaa kikiharibika kwa sababu ya umeme au jenereta ya eneo la kazi, au kikiibiwa kikiwa kwenye stoo ambayo ufunguo anao mwenye kazi, yeye atalipia matengenezo au thamani ya kifaa kwa hali kilivyokuwa. Kikiharibika kwa uchakavu au kosa la fundi, gharama ni ya fundi. Siku ambayo kazi haiwezekani kwa kukosa umeme, fundi aliyefika kazini atalipwa nusu ya ujira wa siku."

Mteja mzuri atabishana kidogo kuhusu nusu ya ujira, mtaelewana. Anayekataa kipengele cha umeme kabisa amekuonyesha mapema kwamba ya mwaka jana yatajirudia, na kwake uende na vifaa vya mkono tu, au mashine akodi yeye.

Getini, vifaa viandikwe kwenye daftari la mlinzi kimoja kimoja pamoja na namba zake, nawe upige picha ya ukurasa huo. Chora jina lako kwenye kila kifaa kwa ncha ya rodi au rangi isiyofutika. Siku ya mwisho mlinzi aliyekuwepo mwanzoni huenda hayupo, na bila daftari utabaki umesimama getini ukibishana juu ya grinda yako mwenyewe. Kifaa kipya kikiingia katikati ya kazi, kiandikishwe siku hiyohiyo.

Kuhusu watu wa kuwaona ana kwa ana: bodi ya umeme ikiwa na dalili za kuungua, harufu au joto, usiiguse, aje fundi mwenye leseni au TANESCO. Mashine ikikushtua hata kidogo, ichomoe na isirudi kazini mpaka ifunguliwe. Kama huna cheti chochote na loji kubwa zinakidai, nenda VETA hapo Moshi uulizie urasimishaji wa ujuzi kwa mafundi waliojifunzia kazini. Mteja akigoma kukulipa kazi ya mkataba, madai madogo hupokelewa Mahakama ya Mwanzo. Nenda na makubaliano, picha na daftari. Na kama karakana ya Arusha itakuachisha ghafla baada ya miezi kadhaa ya saa mbili hadi kumi na moja, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ukieleza mambo ya kifungu cha 61 yaliyokuwepo kwenye kazi yako. Mgogoro wa kuachishwa unafunguliwa ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, hivyo usizimalize ukisubiri ahadi kwamba utaitwa tena.